Kitabu Baada ya Matanga

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika mama, mjomba alinikuta barazani kwetu Mikindani nimeinamia riwaya. Hakuanza na salamu. Aliuliza, "Mpwa wangu, watu wamekwisha hapa duniani?" Kwake yeye, mfiwa anayesoma peke yake ametupwa na ndugu, na kama hakutupwa basi amejitupa mwenyewe.

Swali lile nimelipima kwa miezi mingi, kwa sababu aliyeliuliza anajua anachokisema. Pwani hii ya kusini huzuni ina utaratibu wake. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, wanawake wanalala chini pamoja na mfiwa, majirani wanakuja na unga, kuni na ndoo za maji. Hupewi nafasi ya kuzama. Anayesifu faraja ya vitabu bila kuutaja mkeka huo hasemi juu yetu. Kitabu hakisongi ugali. Ukishtuka usiku wa manane ukiita jina la marehemu, hakikushiki mkono. Tena wapo wanaoingia vitabuni ili wasisikie kinachosemwa sebuleni, na miaka inapita hivyo.

Lakini matanga huanuliwa. Mama alifariki Oktoba, korosho zinadondoka, na korosho isiyookotwa kwa wakati inaharibika. Sikumlaumu yeyote aliyewahi shambani. Nyumba ilinyamaza. Waliopita kunijulia hali waliuliza lile lile, "Umeshazoea?", na kila mmoja ilibidi nimpe jibu la kumtuliza yeye.

Kitabu hakikuniuliza kitu. Ndani ya ile riwaya niliyoazima kwa mwalimu mmoja alikuwamo binti aliyemkasirikia mama yake marehemu. Hapo nilikifunga, nikakaa, nikakifungua tena. Mimi pia nilikuwa na hasira. Mama alijua anaumwa, akaficha, akatuacha tukidhani ni uchovu wa shamba. Neno hilo ningelisemea wapi? Kwenye mkeka marehemu husifiwa tu, na ndivyo inavyostahili. Kwa jirani? Mji wetu ni mdogo: ukilia kwa mtu asubuhi, jioni wanajua sokoni. Kumkuta mtu mwingine, hata wa kubuniwa, akiwa na hasira ile ile na bado anampenda mama yake, kulinifungua kifua kuliko pole zote nilizopewa. Faraja ya kitabu naiona hapo: kinalisema lile ambalo adabu yetu hairuhusu kulisema, na kinakutunzia siri.

Mjomba ana hoja ya pili, kwamba mambo haya tumeyaiga kwa wageni. Hapa simfuati. Kwenye hitima ya mama, juzuu thelathini ziligawiwa kwa wasomaji, kila mtu na sehemu yake, msahafu ukaisha asubuhi moja. Mjomba mwenyewe alisoma juzuu mbili. Atasema ile ni ibada na riwaya ni maneno ya watu, na ni kweli. Siviweki kwenye mizani moja. Ninachosema ni kwamba kukaa na maandishi wakati wa huzuni hakukuja na meli juzi. Lindi ilikuwa na mshairi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeviweka kwenye utenzi Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kazi iliyochapishwa mwaka 1957. Utenzi ni wa kusomwa kwa sauti, watu wamekaa wanasikiliza. Kilicho kigeni kwetu labda ni kusoma kimya, mtu mmoja na ukurasa wake, na hapo ndipo wasiwasi wa mjomba una mashiko.

Faraja ni jambo moja. Hamasa ni jingine, na yenyewe inanipa shaka zaidi. Stendi ya Mtwara vitabu vinavyotembezwa dirishani mwa mabasi ni vya mafanikio: namna ya kufikiri kama tajiri, namna ya kuushinda umaskini. Sivikatai vyote. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kitabu cha aina hiyo ndicho kilichomfundisha kuwa na daftari la mapato, na daftari hilo nimeliona. Lakini mpe kitabu hicho mkulima wa korosho wa msimu wa 2018, ule ambao wakulima waliikataa bei ya mnadani na Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kisha wengine wakakaa muda mrefu wakingoja fedha zao. Umwambie umaskini umo kichwani mwake? Amepulizia salfa, ameokota, amepeleka ghalani, stakabadhi anayo mkononi. Kitabu kinachomtupia lawama mtu wa namna hiyo kinamwongezea mzigo.

Hata mfano wa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, aliyefika Makerere kusoma Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti na baadaye Rais, hutajwa hivyo hivyo: soma, nawe utafika. Bidii yake haina ubishi. Ila alipita shule za misheni, Ndanda ikiwamo, zilizokuwa na walimu na vitabu wakati watoto wengi wa kusini hawakuwa na kimoja kati ya hivyo. Hadithi yake ikisimuliwa pamoja na sehemu hiyo, inanipa nguvu. Ikikatwa, inanifanya niwaone wenzangu wavivu.

Na hapo naona ugumu wa upande wangu. Uingereza tangu mwaka 2013 kuna mpango ambapo mtu mwenye msongo anaweza kuelekezwa na mtaalamu wa afya kwenye kitabu, akakiazime maktaba ya karibu. Sisi maktaba ya mkoa iko mjini. Mfiwa wa Newala au Nanyumbu hatapanda basi, alipe nauli ya kwenda na kurudi, kwa ajili ya riwaya. Mimi nilikuwa na mwalimu mwenye rafu. Basi ninaposema kitabu kilinisaidia, nazungumza kama mtu aliyebahatika, na nisingependa ushuhuda wangu utumike kuwaambia wengine walie kidogo na wasome zaidi.

Jioni moja nilimsomea mjomba kurasa zile za binti na mama yake. Alisikiliza hadi mwisho, kofia ameiweka gotini, akasema dada yake alimficha hata yeye. Hakuwa amelitamka hilo siku zote za matanga. Bado anashikilia kwamba siku ile barazani nilikuwa nawakimbia watu. Sikatai. Siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa nawakimbia kweli.