Bima ya Bongo tunamnunulia trafiki

Juzi kuna baba mmoja kanigonga nyuma hapa Coventry, Uingereza, niko mdomoni mwa raundabauti nasubiri magari ya kulia yapite, yeye akaja akaniingia. Ajali yenyewe ndogo, bampa limepasuka kona na taa moja imevunjika. Nikashuka, naye akashuka, akaangalia bampa langu akaangalia na la kwake, akasema hamna kitu hapo, halafu akaanza kunigombeza eti nimefunga breki ghafla. Namuuliza jina hataki, namuuliza bima yake ya kampuni gani ananiambia haikuhusu. Akapanda gari, akapandisha kioo, huyoo kaondoka.

Mimi nikapiga picha namba ya gari. Basi, kazi yangu pale imeisha.

Nisiwadanganye, mkono ulishaanza safari ya kwenda kuchomoa funguo zake, maana ndo tulivyokua, mtu akikugonga unadaka funguo kwanza mengine mtaongea baadae. Huku ukijaribu hivo wewe ndo unageuka mwenye kesi. Sheria yao ya barabarani ya 1988 inasema mkigongana na kitu kikaharibika unasimama, unatoa jina, anwani na namba ya gari, na kama hukutoa pale unajisalimisha polisi haraka, mwisho saa 24. Ukikaidi unapigwa pointi za adhabu kwenye leseni kuanzia 5 mpaka 10, faini, na jela hadi miezi 6 ipo. Lakini sio ukali wa sheria ulionifurahisha, sheria kali hata sisi tunazo tele. Nilichofurahia ni kwamba ubishi wa yule baba haukumsaidia chochote. Magari yenye bima nchi nzima yako kwenye daftari moja la kompyuta, kampuni yangu ikaingiza namba yake ikajua bima yake iko wapi, na tangu siku hiyo wanaandikiana wao kwa wao. Yeye anune hukohuko kwake, sina shida ya kuongea naye tena.

Sasa hamia Dar, pale Mwenge. Mtu kakugonga nyuma, hamtoi magari mpaka trafiki aje apime, foleni imeshafika Makumbusho, wenye haraka zao wanakutukana wewe uliyegongwa. Bodaboda wameshajaa, kila mmoja hakimu, na hakimu wa bodaboda anaangalia nani kavaaje na nani anaongea kwa sauti. Aliyekugonga haombi radhi, anatoa simu, "ongea na huyu hapa". Huyu hapa ni nani, hujui, sijui mkubwa wa wapi. Ukikataa kuipokea simu umekuwa jeuri, ukiipokea umekwisha. Au anakuja na ile nyingine, sista tumalizane tu, nitakupa namba yangu tutaongea jioni. Jioni haipatikani. Kesho haipatikani. Namba ya kwake ilikuwepo mfukoni mwake tu muda wa kukutoa wewe barabarani.

Na ukiwa mwanamke ndo kabisa. Nimeendesha Dar miaka na najua ninachosema. Unashuka kwenye gari wewe ndo uliyegongwa, nyuma, kila mtu kaona, sauti ya kwanza kusikia ni "wanawake bwana". Ya pili ni "mpigie mumeo aje tuongee naye". Yani ili bampa langu lilipwe inabidi aje mwanaume aongee na mwanaume mwenzie, na kama sina mume nimpigie shemeji, na kama shemeji yuko kazini basi nikubali elfu hamsini niondoke. Nikifika gereji fundi ananiambia kunyoosha, rangi na taa ya mtumba kutoka Gerezani, Kariakoo, ni laki mbili na nusu. Hiyo laki mbili nimelipa mimi kwa sababu sikuwa na mwanaume karibu. Hapa Coventry yule baba alinipandishia sauti kama wao tu, tabia ni ileile, msidhani huku madereva ni malaika, ila sauti yake haimo kwenye fomu. Fomu inauliza ulikuwa wapi, yeye alikuwa wapi, kiligongwa nini.

Najua mnavyokuja. Dada umekaa ulaya kidogo ushaanza kudharau kwenu. Hapana jamani. Tena ngoja niwaambie na machungu ya huku ili mjue siwauzii pepo. Nimekaa kwenye simu ya bima nasikiliza muziki mpaka nimeujua wote, kila nikipokelewa ni mtu mpya naanza kuhadithia upya. Siku yenyewe ya ajali hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kuniambia pole, wanazunguka raundabauti wananiangalia kama nguzo ya taa. Mwenge pamoja na kelele zote kuna mama angetoka na kiti cha plastiki, angenipa na maji, angenishika mkono nikiwa natetemeka. Hicho huku sijakipata na sitegemei kukipata. Halafu bima yao ni ghali jamani, ghali ya kulia, na hata kama kosa sio lako muda wa kukata upya ukifika unaweza kukuta wamekupandishia. Na haya mambo yanachukua miezi. Nyumbani ukipata muungwana mnamalizana palepale kabla ya jua kuzama, gari limerudi barabarani keshokutwa.

Ila hapo kwenye "ukipata muungwana" ndo ugomvi wangu wote. Kwa nini haki yangu isubiri nigongwe na muungwana? Wasio waungwana ndo wanaogonga sana!

Bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga, tunakata wote, ni lazima kisheria, laki moja na ushee kwa gari ya kawaida ya nyumbani. Niambie, katika watu unaowajua, wangapi waligongwa wakaenda kudai kwenye bima ya aliyewagonga wakalipwa? Tunamnunulia trafiki, akisimamisha gari aone ipo atuachie tupite. Siku ya ajali yenyewe hakuna anayeitaja, maana ukiitaja unaanza safari ya karatasi za polisi, mchoro wa trafiki, nenda rudi kituoni, na kuna kampuni itakudai mpaka hukumu ya mahakama ionyeshe mwenzio alikutwa na kosa. Kwa bampa! Sa nani aende mahakamani kwa bampa, si unapokea elfu hamsini yako unanyamaza.

Halafu kuna yule wa kusema hizo ni teknolojia za wazungu sisi bado maskini. Huyu ndo ananiudhi kuliko wote. Kaka, mfumo upo! TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini, wanao, unaingiza namba ya gari kwenye simu yako inakuletea bima ipo au haipo na ya kampuni gani. Hiyo ndo ileile iliyonisaidia mimi huku. Kwa hiyo dereva akinikatalia jina pale Mwenge, bima yake naweza kuijua nikiwa nimekaa ndani ya gari langu, bila kumpigia shemeji. Kinachokwama ni kinachofuata baada ya hapo. Na hawa Waingereza hawakuzaliwa hivi, bima ya lazima waliiweka kwa sheria ya 1930, na chombo cha kuwafidia wanaogongwa na magari yasiyo na bima kimeanza 1946, ina maana katikati hapo watu walikuwa wanagongwa wanaachwa wanalia kama sisi.

Mwingine ataniambia ukilegeza masharti matapeli watajaa, watu watagongana makusudi wale hela za bima. Hilo nakubali ni la kweli, huku wapo, kuna magenge kabisa yanafunga breki mbele yako ili uwagonge wakadai. Lakini kampuni za huku zinawatafuta matapeli kwa pesa zao na wapelelezi wao, kule kwetu kazi ya kuzuia utapeli kapewa aliyegongwa, athibitishe yeye kwanza kwamba sio mwizi.

Kwa hiyo kama unafanya kazi bima na unasoma hapa, nijibu kiutaalamu bila kunitukana. Tuseme niko Dar nimegongwa pale Mwenge, gari lililogonga lina bima, namba ipo, picha zipo, trafiki kapima na kaandika nani ana kosa, uharibifu wa laki mbili na nusu, hakuna aliyeumia. Unahitaji nini tena kwangu ili unilipe, na hicho unachokihitaji nakipataje mimi ninayeingia kazini saa mbili asubuhi Posta na gari bado liko kituoni?