Jengeni juu ya reli, lakini kwanza mtuambie mama wa samaki anaenda wapi

Jumamosi asubuhi nimeshuka hapa Kisumu na ile treni ya usiku kutoka Nairobi, na kama kawaida ikikaribia stesheni inapunguza mwendo mpaka unaweza kuhesabu mabehewa mazee yaliyolala kando ya njia, nyasi zimeyameza, na nyuma yake ziwa linang'aa. Kijana tuliyekaa naye akaniambia hapa pangesimama gorofa kumi na tano, mtu ashuke treni, apande lifti, alale. Mama mmoja mwenye mzigo akamjibu bila hata kugeuka, "Na sisi mtatutupa wapi tena?"

Hiyo "tena" ndiyo imeniketisha niandike.

Mimi hizo nyumba za kwenye ardhi ya reli nazitaka, nisifiche. Nimelelewa kwenye landhi za reli, baba alikuwa fundi, na najua vile eneo lote la yadi, pale treni zinapolazwa, linakaa kimya katikati ya mji wakati watu wanapanga vyumba Nyalenda, Obunga na Manyatta, wengine wamesukumwa mpaka nje huko Mamboleo na kila asubuhi hela ya boda na matatu inakula nusu ya kibarua. Mji wenyewe umezaliwa na reli, ilipofika 1901 pakaitwa Port Florence. Sasa mji unapanuka kwa kula mashamba ya upande wa Kibos, na hapo kati kuna ardhi ya umma, karibu na stesheni, karibu na soko, karibu na kazi.

Na kujenga juu ya yadi si ndoto. Hong Kong walijenga Telford Gardens juu ya depo ya treni ya Kowloon Bay miaka ya 80 mwanzoni, majengo 41 ya ghorofa, watu wanaishi juu treni zinalala chini. New York wana Hudson Yards, ilifunguliwa 2019, sehemu kubwa imekaa juu ya sakafu ya chuma na zege iliyofunika yadi na treni hazikusimamishwa. Lakini sikiza vile inafanyika: nguzo lazima zipite katikati ya reli, kwa hivyo ni reli inayoamua nyumba itasimama wapi, si mchoraji, na hiyo sakafu pekee inakula pesa nyingi kabla chumba cha kwanza kuwa na ukuta. Zile treni zao ni za umeme. Zetu ni za dizeli, ukizifunika na zege lazima feni zivute moshi mchana na usiku, na hapa stima ikipotea unajua inakuwaje. Ndio maana naona Kisumu tusianze na kufunika reli, tuanze na zile sehemu tupu za pembeni ambazo hazina hata treni moja inayopita, hiyo ni bei rahisi na mtu wa kipato kidogo anaweza kufikiwa.

Kwa sababu sakafu ghali huzaa nyumba ghali. Sunnyside kule Queens, New York hiyo hiyo, yadi ya eka 180, mpango wa 2020 ulisema nyumba 12,000 za bei nafuu kwa dola bilioni 14.4, majirani wakaukataa, mbunge Alexandria Ocasio-Cortez akajiondoa kwenye kamati ya mpango huo, na mpaka leo hakuna nyumba pale. Brooklyn nako walitangaza mradi wa kujenga juu ya yadi, Atlantic Yards, 2003, uwanja wa basketi ukawa tayari 2012, lakini nyumba za bei nafuu zilizoahidiwa ziishe 2025 hazikuisha, na sehemu ya yadi yenyewe bado haijafunikwa. Watu waliopinga waliitwa wakaidi. Ukiangalia nyuma, walikuwa wanasoma kalenda vizuri kuliko waliokata utepe.

Sasa rudi kwetu. Februari 2021 usiku, matingatinga yaliingia Kibos kwa Wanubi, watu ambao wazee wao wameishi pale tangu enzi za mkoloni, ikasemwa ni ardhi ya reli, na maelfu wakalala nje, wakati wa kafyu ya korona. Lwang'ni pale ufuoni, vibanda vya samaki vilibomolewa. Mtu aliyeona hayo ukimwambia "maendeleo kwenye ardhi ya reli" hasikii gorofa, anasikia injini ya tingatinga saa nane usiku. Kwa hivyo naomba tusichanganye upinzani. Kuna mwenye bangla Milimani anayekataa gorofa kwa sababu litamzibia upepo na ziwa, huyo nitabishana naye mchana kutwa, ziwa si lake peke yake. Kuna mama wa samaki anayekataa kwa sababu ameshahamishwa mara mbili, huyo sina la kumbishia, nina la kumwandikia.

Kumwandikia namaanisha karatasi. Kabla mashine ya kwanza kuja, orodha ya kila mtu anayekaa na anayeuza pale ibandikwe kwa chifu na stesheni, jina lililosahaulika liongezwe hadharani. Nafasi ya chini ya jengo iwe ya wale wale, kwa kodi iliyoandikwa, na wapewe pa kuuzia ujenzi ukiendelea, si baadaye. Jenereta na tanki la maji viwe kwenye mkataba, maana mzee wa ghorofa ya kumi bila lifti ni mfungwa, na kubeba mtungi ngazi zote hizo utafanya siku ngapi?

Yule mama alishuka na mzigo wake wa omena, nikamsaidia mpaka kwa boda. Nikamwuliza kama angeandikiwa hivyo angekubali gorofa. Akafikiria kidogo akasema, "Nikiona jina langu, na la dada yangu, basi wajenge."