Hesabu injini kwanza

Asubuhi moja ya Juni, mwezi ambao maji ya bomba hapa Mbeya yanauma vidole, mama mdogo alinipigia simu kutoka Tukuyu akilia. Maneno hayakumtoka. Nilichoambulia ni jina la binti yake, ambaye alfajiri ile alikuwa amepanda ndege Dar kuja Songwe, uwanja wetu wa ndege hapa Mbeya. Simu ya binti haipatikani. Na kwenye kundi la ukoo la WhatsApp imeshaingia picha: ndege inawaka moto uwanjani, moshi mweusi, watu wanakimbia, na chini yake maneno matatu, "Songwe sasa hivi".

Niliifungua nikiwa nimesimama dukani Mbalizi, mikono ikitetemeka. Nikaivuta kwa vidole mpaka bawa likajaa kioo. Chini ya bawa lile zilining'inia injini mbili. La upande wa pili lilifunikwa na moshi, lakini mbili huku maana yake ni mbili na kule, na dubwana la injini nne haliji kutuletea abiria Songwe. Zinazotua pale ni zile za pangaboi, zenye mabawa juu ya mgongo, au jeti za injini mbili. Nikatazama nyuma ya moshi: nchi tambarare, haina hata kichuguu. Aliyewahi kushuka Songwe anajua milima ilivyo karibu na macho.

"Mama, siyo ndege yake. Na hapo siyo Songwe."

Hakuniamini. Saa tano binti akapiga mwenyewe kutoka Dar. Walizunguka juu ya ukungu, rubani akashindwa kutua, akawarudisha walikotoka. Wakati huo majirani walikuwa wameshamkimbiza mama yake zahanati, presha imepanda.

Jioni niliitafuta ile picha kwa Google Lens, inayokuonyesha picha ilikowahi kutokea mtandaoni. Nikaikuta imezunguka miaka, kwa lugha nyingine na habari ya nchi nyingine. Haikutengenezwa na mtu. Ndege iliungua kweli, na wale watu walikimbia kweli kuokoa roho zao. Uongo ulikuwa kwenye yale maneno matatu. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wetu tunapopotea: tunakimbilia kuuliza kama picha ni ya kweli au feki, kabla ya kuuliza ni ya wapi na ya lini. Picha halali kabisa inaweza kumlaza mtu zahanati.

Za kutengeneza nazo zipo, tena akili mnemba imezidisha. Tazama madirisha kama yamepangana kwa nafasi sawa. Soma maandishi ya ubavuni, maana mara nyingi ni mikunjo tu inayofanana na herufi. Ndege iliyosajiliwa Tanzania huandikwa 5H na kufuatiwa na herufi nyingine. Lakini hata bila utaalamu wa kompyuta, mambo ya kawaida yanatosha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilisambaa picha ya mtalii amesimama juu ya jengo la World Trade Center, New York, na ndege ya American Airlines inamjia kwa nyuma. Ndege ya shirika hilo iligonga mnara wa kaskazini, ilhali sehemu ya wazi ya watalii ilikuwa juu ya mnara wa kusini. Iligonga saa 2:46 asubuhi, kabla wageni hawajafunguliwa kupanda. Na yule bwana alikuwa amevaa koti zito siku ya joto.

Nikiri kwamba siku hizi wanaonitia uchungu zaidi ni wale wanaobandika neno "feki" kwenye kila kitu. Kijana mmoja wa hapa alipiga picha ya ndege ikishuka Songwe, mlima ukaonekana kama umeiegemea. Wakamshambulia. Kumbe ni lenzi ndefu tu, inavivuta vitu vya mbali vikaonekana vimebanana.

Ipo nyingine ambayo ukiitazama leo utaapa imetengenezwa. Septemba 13, 1962, Hatfield, Uingereza, mpiga picha Jim Meads alinasa ndege ya kivita aina ya Lightning ikianguka pua chini, karibu kabisa na ardhi. Pembeni yake rubani George Aird ameshajirusha na yuko hewani. Mbele, dereva wa trekta amegeuza shingo anatazama. Nani angekubali kwamba vyote vitatu viliingia katika picha moja? Lakini viliingia. Meads alikuwa pale na kamera kwa sababu jirani yake, rubani wa majaribio, alimdokeza kwamba kutakuwa na safari siku hiyo. Aird aliangukia kibanda cha vioo cha kulimia nyanya, akavunjika miguu, akapona.

Nayasema haya kwa sababu nami niliwahi kukosea. Novemba 6, 2022, ukungu wa Juni ile ulikuwa bado miaka mbele, ilitumwa kundini picha ya mkia wa ndege umechomoza ziwani Bukoba, mitumbwi imeuzunguka. Nikajibu haraka: "Acheni kutisha watu, ndege gani inaelea hivyo?" Mjomba, aliyefanya kazi Bukoba, akaandika mstari mmoja: "Uwanja ule umepakana na ziwa."

Ndani walikuwa watu 43. Walikufa 19. Na wakati naandika lile jibu, picha yenyewe nilikuwa sijaifungua.