Chujio la Chai Limo Kwenye Tangi

Asubuhi ya leo chai imechujwa kwa kitambaa, kama ilivyochujwa tangu mwezi wa kumi na moja. Mimi nimeinywa kimya, majani yakining'ang'ania kwenye meno, nikijifanya nasikiliza redio. Chujio lenyewe najua liliko. Limo kwenye tangi la dizeli la pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, shingoni kwa ndani, na linafanya kazi ya maana kuliko yoyote iliyowahi kulipata jikoni. Dizeli yetu huku inauzwa kwenye vidumu vilivyokuwa vya mafuta ya kula. Ina mchanga, ina nyuzi za gunia, siku moja nilikuta sisimizi watatu, wazima kabisa kwa sura. Nozeli, kile kitundu kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini, haitaki mchanga. Sasa niambieni nyie wenye akili: jani la chai likipita kooni na mchanga ukipita kwenye nozeli, hasara iko wapi?

Mama Watoto haoni hivyo.

Tunaishi Usangu, Mbarali, kwenye mpunga. Huku ukisikika una pawatila, watu wanakusalimia mara mbili. Yangu ni ya mkono wa pili. Ni miongoni mwa zile zilizomwagwa vijijini enzi za Kilimo Kwanza, ile kampeni ya serikali ya kuinua kilimo, kuanzia mwaka 2009. Ilikuwa ya kikundi, kikundi kikagombana, ikalala nyuma ya ghala mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha tela. Niliichukua kwa bei ya ng'ombe wawili nikijua nimemlalia muuzaji. Tulipomaliza kuhesabiana, mwenyekiti wa kikundi akanikumbatia. Mtu mzima hakukumbatii hivi hivi, nilipaswa kushtuka pale pale.

Basi uani kwangu pakawa karakana. Mwembe mmoja, meza moja ya mbao, na ndoo ya bolti ambazo hakuna hata moja inayoingia mahali popote.

Injini ni ya silinda moja, hosipawa kumi na mbili. Silinda imelala ubavu, na juu yake kuna kisima cha maji ya kuipoza, yanachemka waziwazi kama ya ugali. Kwenye kisima kuna kiboya chekundu kinachoinua kichwa kukuonyesha maji yamebaki kiasi gani. Kiboya changu kilipasuka. Nikatafuta kitu cha mviringo, chepesi, kisicholowa. Sitaki maneno mengi hapa: binti yangu ana ile manukato ya kupaka kwapani, yenye kigololi mdomoni. Alikuwa nayo. Tangu siku hiyo mashine ikipata moto, uani kote kunanukia waridi.

Gasketi sinunui. Gasketi ya kava la valvu nakata kwa kadi za mchango wa harusi. Mtu asikudanganye, hakuna karatasi iliyokakamaa kama kadi ya mchango, hasa ile ya familia inayojiona. Mwenye harusi akinikuta njiani na kuniuliza, "Mzee, kadi yetu uliipata?" namjibu bila kupepesa macho: niliipata, na hadi sasa ninapoongea nawe inafanya kazi. Akaenda zake anafurahi. Tatizo ni kwamba siku hizi kadi zinatumwa kwa WhatsApp. Gasketi nitakata wapi?

Na msidhani ni mimi tu ninayechukua. Jikoni nako wananiibia, ila wa kunililia hayupo. Bakuli la oili la chujio la hewa nililikuta bandani, kuku wanalinywea maji. Mkanda wa injini mpya kabisa umefungia mbuzi. Spana yangu namba 17, ambayo fundi akiikosa ni bora akalale, inatwangia vitunguu saumu. Nilipolalamika nikaambiwa ina uzito mzuri.

Kuchomelea ndiko kunakoniletea uadui na mtaa mzima. Nikigusa chuma kwa fimbo ya kuchomelea, taa za nyumba tatu zinafifia. Jioni ya mechi nimeshapigiwa kelele za ukutani mpaka nikaacha mguu wa tela ukiwa na nusu ya mshono. Na yuniti za LUKU zinashuka kama maji ya mfereji, halafu anayeulizwa ni nani kaacha pasi kwenye umeme ni mtoto. Nami nakaa kimya. Nina roho mbaya kidogo, nakiri.

Lakini hasira yangu kubwa ni hii. Mashine hii nimeifungia pampu, ikavuta maji. Nimeifungia kipukuchulio, ikapukuchua mahindi ya watu wa vitongoji viwili, wengi wao kwa mkopo. Nimeifungia tela, ikabeba mpunga, matofali, bendi ya shule na jeneza la babu wa jirani. Kitu kimoja tu haijawahi kufanya ni kulima shamba langu. Kila msimu wa kuvuruga majaruba ukifika, ina kidonda. Mwaka juzi oili sili. Mwaka jana bushi. Mwaka huu nikaapa.

Jana Jumamosi kila kitu kilikuwa tayari. Matairi ya chuma nimefunga, visu vya tila nimenoa, upepo nimeutoa kwenye mipira ya dizeli mpaka imetoka safi bila povu. Zamu yangu ya maji kwenye mfereji ni kesho Jumatatu, na zamu ikipita imepita. Nikashika hendeli.

Injini hizi zina adabu zake. Mkono wa kushoto unainua kile kidude cha kulegeza valvu, wa kulia unazungusha hendeli, flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni, inashika kasi, ndipo unaachia kidude kwa ghafla. Ukiachia mapema, pistoni inafika juu, inaona hapapitiki, inarudi ilikotoka. Mimi nilikuwa sijala tangu alfajiri. Niliachia mapema. Hendeli ikachomoka ikapita karibu na sikio langu ikasalimia mwembe.

Halafu injini ikawaka!

Nikapiga kelele ya furaha, watoto wakapiga makofi. Mlio ulikuwa wa ajabu kidogo, kama mtu anayecheka huku akivuta pumzi ndani, ila nani anachunguza meno ya farasi wa bure? Sikuona kwamba moshi unatokea kwenye chujio la hewa. Sikuona kwamba bomba la moshi ndilo linalovuta hewa. Injini ilikuwa inazunguka kinyumenyume, na oili yote ya kwenye bakuli la chujio inatemwa nje kama mvua ya manyunyu, kuelekea kwenye kamba ya nguo. Kwenye kamba, ndugu zangu, palikuwa na sare ya kwaya. Nyeupe.

Mimi nikaingiza gia namba moja.

Pawatila hii ina gia sita za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma. Jana, kwa dakika mbili hivi, nilikuwa mmiliki wa mashine yenye sita za kurudi nyuma. Mikono ya usukani ikanigusa tumboni kwa upole, kisha bila upole. Klachi ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mpira ukachagua siku hiyo kustaafu. Tukapita bandani kwa kuku, mimi natembea kinyumenyume kama mtu anayemuaga chifu, tukapita kwenye uzio wa matete, tukaingia jikoni sote wawili.

Jirani yangu anayejua injini akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Ziba ekzosi! Ziba ekzosi!" Bomba la moshi nilizibe kwa kitu gani? Nilichokiona karibu ni donge la unga wa chapati limekandwa, linapumzika kwenye sinia. Nikalibandika. Mashine ikalivuta nusu, ikakohoa, ikazima.

Kimya kile sitakisahau. Mfuniko wa tangi ulikuwa umeruka kwa kishindo. Mama Watoto akaja, akaangalia ukuta, akaangalia donge, kisha akainama akachungulia ndani ya tangi. Akakaa ameinama muda mrefu.

Leo kanisani kwaya imeimba vizuri, sijui kwa nini yeye amepangwa mstari wa nyuma wakati ni sauti ya kwanza. Tuliporudi nikamuuliza, kwa heshima zote, kama ameiona hendeli.

"Iko chini ya godoro. Utaipata chujio langu likirudi."

Haki yake. Ila chujio nililipachika kwa ndani, halitoki mpaka tangi lishuke, na bolti za tangi ni 17. Nikaenda jikoni, au pale palipokuwa jiko.

"Mama Watoto, naomba ile spana."

"Spana gani?"

"Ile ya vitunguu saumu."

Hakugeuka. "Naitumia."