Afya ya akili ya wazazi: ubobezi huu si anasa ya Waingereza

Mwenzangu kazini, daktari kijana wa hapa Uingereza aliyemaliza miaka 3 ya mwanzo ya mafunzo ya magonjwa ya akili na kuingia katika miaka 3 ya juu, amenuna tangu juzi kwa sababu nafasi aliyoiomba katika wodi yetu ya akina mama na watoto wachanga imesogezwa hadi awamu ijayo. Nilimpa pole, lakini kusema kweli nilikereka kuliko yeye. Analalamikia kuchelewa kwa mafunzo ya kutibu akili za wajawazito na akina mama waliojifungua, ambayo mimi, niliyesomea ubingwa nyumbani Tanzania, sikuyaona hata kwenye ratiba.

Katika wodi hiyo, mama aliyepata saikosisi baada ya kujifungua, yaani wazimu wa kupoteza uhalisia, ugonjwa unaompata mzazi 1 au 2 katika kila 1,000 na ambao mara nyingi hulipuka ndani ya wiki 2 za mwanzo, hulazwa pamoja na mwanawe. Kitanda cha mtoto kiko kando ya chake, na usiku yupo mhudumu anayempokea mtoto ili mama alale, kwa kuwa usingizi nao ni sehemu ya tiba. Daktari anayesomea ubobezi huu hujifunza kwamba figo za mjamzito huiondoa lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, mwilini kwa kasi, hivyo kiwango chake katika damu hushuka mimba inapokua na huweza kupanda tena mara tu baada ya kujifungua, na asiyepima hatajua. Hujifunza kuketi na mkunga, mama na mumewe wiki kadhaa kabla ya uchungu na kuandika nani ataamka usiku, dawa ipi itaanzwa siku ya kujifungua na maziwa ya mama yatakuwaje. Hujifunza pia kutomwachisha mgonjwa dawa zote siku anapogundua kwamba ana mimba, jambo ambalo kwetu hufanywa kwa nia njema kabisa, na baada ya miezi michache ndugu wanamleta akiwa amefungwa kamba.

Nichukue valproeti, dawa ya kifafa ambayo sisi madaktari wa akili tunaipenda kwa wagonjwa wa bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mtoto takriban 1 kati ya 10 wanaokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Hapa, tangu Januari 2024, mgonjwa aliye chini ya miaka 55 haanzishiwi dawa hiyo mpaka madaktari bingwa wawili wakubaliane, kila mmoja kwa uamuzi wake, kwamba hakuna njia nyingine. Nyumbani binti wa miaka 22 huandikiwa ya mwezi mzima na kuambiwa arudi zikiisha, bila neno la uzazi wa mpango.

Najua yupo anayesema: huyu amepanda ndege, sasa anatudharau. La hasha. Sisemi kwamba Waingereza wanawapenda wazazi kuliko sisi. Nimeona hapa wanawake wanaoruhusiwa kutoka hospitali siku moja baada ya kujifungua na kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuwachemshia hata maji, na nikafikiria arobaini ya kwetu, uji wa pilipili manga, bibi anayemkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Katika hilo tumewazidi, tena mbali. Wala huduma hii hawakuzaliwa nayo. Sehemu kubwa ya nchi yao haikuwa nayo mpaka ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba zitatengwa pauni milioni 365 kwa miaka 5, na sehemu ya juhudi hizo ikawa kuwarudisha darasani madaktari waliokwisha kuwa mabingwa. Hata baada ya hapo, kujiua kumebaki sababu inayoongoza miongoni mwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi kati ya wiki ya 6 na mwaka mmoja baada ya ujauzito. Kwa hiyo siwaimbii sifa.

Kinachonichosha ni yule anayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Dodoso la maswali 10 linalotumika duniani kote kutambua sonona ya wazazi, lile la Edinburgh la mwaka 1987, linahusishwa na John Cox, daktari ambaye kabla ya hapo aliwachunguza wajawazito wa Uganda, karibu na Kampala, ambako Waganda walikuwa na jina lao la wazimu wa mzazi, amakiro, kabla yeye hajafika. Na sheria yetu wenyewe? Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatambua kwamba mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 huenda akili yake ilivurugika kwa athari za uzazi au kunyonyesha. Yaani hakimu anautambua ugonjwa huu baada ya maiti kupatikana, lakini daktari hafundishwi kuutambua kabla.

Mwingine ataniambia hatuna madaktari wa akili wa kutosha, sembuse wabobezi. Hoja hiyo naiheshimu, ila tuliikataa kwenye magonjwa ya moyo, na leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inapasua vifua vya watoto. Serikali inafadhili ubingwa bobezi. Sijui kwa nini orodha iishie kwenye viungo vinavyoonekana kwenye picha. Tena wagonjwa hatuhitaji kuwatafuta. Mama huyo huyo huja kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa ajili ya chanjo. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, kadi inajazwa, na mama anaondoka bila kuulizwa kama analala.

Basi rudi ufundishe, mtasema. Nitarudi, lakini mtu mmoja mwenye cheti cha ng'ambo hafanyi mtaala. Ninachodai kinawezekana bila mimi: miezi 6 katika ile miaka 3 ya ubingwa, kila daktari wa akili aitumie katika wodi ya wazazi na kliniki ya watoto, akiwa na mkunga mwenye sauti ya kumwita na kumpinga. Wodi hiyo ipo, mara nyingi ni jengo la pili kutoka kwao.