Walisema inajitegemea

Ninafundisha jiografia sekondari, hapa Tanga. Huu ni mwaka wa 14 nafundisha volkano kwa watoto ambao hawajawahi kuiona, na mimi mwenyewe Ol Doinyo Lengai nimeiona mara moja tu, kwa mbali, kupitia dirisha la gari lililokuwa na haraka ya kwenda kwingine.

Mlima huo ndio ulionitia hamu. Hakuna volkano nyingine hai duniani leo inayotoa lava kama yake. Lava yake ni ya kaboneti, joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati lava ya basalti hupita nyuzi 1,000. Inatiririka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, halafu ikishapoa na kupigwa na unyevu inageuka nyeupe. Maajabu yote hayo yako kwetu, mkoani Arusha, na mimi namweleza mtoto wa Kitanzania kwa picha iliyotolewa kopi juu ya kopi hadi kilele na wingu vimekuwa doa moja jeusi. Ukishafundisha hivyo miaka yote hiyo, siku ukisikia kuna miwani ambayo ukiivaa unajikuta umesimama ukingoni mwa kreta, pesa utaitafuta.

Niliitafuta. Kaka yangu anafanya kazi Dubai. Alitoa nusu, nikatoa nusu, jumla karibu laki nane za Kitanzania, na Desemba 2023 akaja nayo likizo. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana ninayoyasema hapa hayahusu kampuni moja. Ni ile aina ya miwani ya VR, yaani uhalisia pepe, isiyohitaji kompyuta wala waya: prosesa, betri, skrini na kamera vyote vimo humo humo. Kaka alinitafsiria alivyoambiwa dukani: "Hii inajitegemea."

Kwa mwalimu wa Tanzania neno hilo ni zito. Tumelelewa nalo. Mwalimu Nyerere alipotoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, ilime, ijipatie sehemu ya mahitaji yake, na mwanafunzi asilelewe kujiona yuko mbali na wenzake. Najua muuzaji wa Dubai hakuwa na mawazo hayo. Lakini sikio langu lilisikia hivyo: kitu ambacho ukishakuwa nacho, unacho.

Niseme kwanza la kweli, ili mtu asidhani nimekaa hapa kukibeza kitu. Usiku wa kwanza nililia. Nilikaa chumbani kwangu, mlango nimefunga, nikajikuta juu ya barafu ya Iceland, upepo unavuma, nikageuka nyuma nikaona bonde lote hadi baharini. Nilinyoosha mkono kushika jiwe. Nikaigonga kabati. Nikafikiria darasa langu zima likigeuka hivyo, na usingizi haukuja hadi alfajiri.

Shule zilipofunguliwa Januari 2024 sikuweza kuipeleka. Mwezi huo Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, na hii ni miwani yenye sponji inayokaa kwenye ngozi, inatoka uso huu kwenda uso ule. Nani angethubutu? Nikaifungia kabatini nikasubiri.

Kipindi kikaja mwishoni mwa Februari. Kidato cha tatu, wanafunzi 54, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Usiku wake nikaiwasha kuikagua. Ilikuwa imelala wiki kadhaa, kwa hiyo ikadai apdeti kabla ya lolote. Apdeti ikala bando langu la wiki nzima, ikazima, ikawaka, nikashukuru Mungu nikalala. Asubuhi, darasa limetulia, madawati yamesogezwa ukutani, nawasha: inataka nithibitishe akaunti.

Akaunti haikuwa yangu. Nchi yetu haikuwamo kwenye orodha ya duka lake, hivyo kaka aliifungua kwa jina lake na kadi yake kulekule aliko. Msimbo wa kuthibitisha ukatumwa kwenye simu yake. Naye yuko zamu, simu iko kwenye loka. Nimesimama mbele ya watoto 54 na kitu cha laki nane mkononi, nangoja mtu atoke kazini ng'ambo ya bahari. Dakika 30 zilikwenda hivyo. Nilichora tabaka za dunia ubaoni ili wasipoteze muda, lakini macho yao yalikuwa kwenye ile miwani mezani, na yangu pia.

Msimbo ukaja. Tukaanza.

Hapo ndipo hesabu iliponishinda, na nilipaswa kuipiga mapema. Mtoto mmoja anahitaji dakika nne: kuvaa, kukaza mkanda, kusogeza lenzi zilingane na macho yake, kungoja picha itulie, kisha dakika mbili za kutazama, kisha kuvua na kufuta. Kwa 54 hizo ni dakika 216. Betri yenyewe hudumu kama saa mbili. Katika dakika 50 zilizobaki, waliovaa ni 12. Wengine 42 walikaa wakimtazama mwenzao akizungusha shingo na kusema "Mama yangu!", wakimuuliza unaona nini, naye hana maneno ya kuwaambia. Kengele ikalia. Kuna binti mmoja wa dawati la nyuma, mpole, hasukumani na mtu. Alikuwa wa 13 kwenye mstari. Uso wake ule siwezi kuusahau, na ndio unaonifanya niandike haya.

Tulijaribu tena wiki mbili zilizofuata, mafungu madogo, baada ya masomo. Nikajifunza mambo ambayo hakuna tangazo linayasema. Tanga ina joto na unyevu. Lenzi zinashika ukungu mtoto wa tatu tu akishavaa, na sponji inaloa jasho. Spiriti huruhusiwi kupaka kwenye lenzi, zinaharibika. Binti aliyevaa hijabu mkanda unateleza juu ya kitambaa. Aliyesuka nywele za juu hauingii kabisa. Mwenye miwani ya macho inabidi avue, na akivua haoni. Ukiiweka mezani lenzi zikatazama jua la dirishani, jua linaunguza skrini. Na uzito: karibu nusu kilo, yote imening'inia mbele ya uso. Shika nusu kilo ya sukari kwenye paji la uso kwa dakika kumi ndipo tuzungumze kuhusu somo zima.

Kijana mmoja alitapika. Nilimwonyesha video iliyopigwa na droni ikiruka juu ya kreta, naye ameketi kwenye benchi. Macho yanamwambia anaruka, sikio la ndani, lile linaloshika mizani ya mwili, linamwambia amekaa. Mwili ukipata habari mbili zinazopingana hivyo, tumbo ndilo linalolipa. Hata zile video tulivu zina mtego wake: kamera ilisimama sehemu moja, kwa hiyo ukigeuza kichwa mambo ni mazuri, lakini ukiinama uchungulie shimo, kreta nzima inainama na wewe. Mtoto anayetaka kuchungulia shimo la volkano anafanya kitu sahihi kabisa, na kifaa kinamwadhibu kwa hilo.

Na Lengai je? Sikuipata. Nilitafuta siku nyingi. Nilipata Iceland, nilipata Hawaii, nikapata safari ya anga za juu na papa wa baharini. Sauti za maelezo zote ni Kiingereza cha Marekani kinachokwenda mbio, na ingawa sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, wanafunzi wangu wengi walishika neno moja kati ya matano. Hakuna mahali ningeweza kusimamisha na kusema, "Hebu rudini, mnaona pale?" kwa sababu mimi sioni anachokiona. Kuna njia ya kurusha picha kwenye TV kwa Wi-Fi, lakini hiyo inataka TV na mtandao, na ukishakuwa na TV na mtandao, miwani ya nini tena?

Hesabu zote hizo zinarudi kwenye lile neno "inajitegemea". Inategemea simu yenye programu yake. Inategemea akaunti ya mtu mzima aliye kwenye nchi inayotambuliwa, kadi ya benki, bando, umeme, na seva ya mbali ambayo siku ikizimwa, kilichobaki ni plastiki. Waya tu ndio imeachana nao.

Nilichotarajia mimi sikukiota peke yangu. Machi 2014, Facebook ilipotangaza kuinunua Oculus, kampuni ya miwani ya VR, kwa dola bilioni mbili, Mark Zuckerberg aliandika kwamba siku zijazo watu wangeweza kusoma kwenye darasa moja na wanafunzi na walimu wa dunia nzima. Darasa, walimu: alitutaja. Miaka zaidi ya kumi imepita. Kitengo cha kampuni hiyo kinachoshughulikia VR kilipata hasara ya uendeshaji ya zaidi ya dola bilioni 16 kwa mwaka 2023 pekee, kwa hiyo hakuna atakayesema pesa zilikosekana. Mwezi uleule niliosimama mbele ya darasa langu nikingoja msimbo, Apple waliingiza sokoni miwani yao, Vision Pro, kwa dola 3,499, betri yake imewekwa nje, inaning'inia kwa waya. Fedha na akili nyingi hivyo, na mtu aliyefikiriwa ni yuleyule: mmoja, sebuleni kwake, mwenye mtandao usiokatika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kuna waliokuwa wamekaribia. Google mwaka 2014 walitoa Cardboard: boksi la karatasi ngumu na lenzi mbili, unatumbukiza simu ya kawaida ndani yake. Mwaka 2015 wakaleta Expeditions, programu ya kulitembeza darasa zima kwa maboksi hayo, na aliyeibuni lazima alishawahi kusimama darasani. Mwalimu alishika tableti yake, wanafunzi wote wakaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Aliweza kugusa sehemu ya picha na mshale ukawaelekeza watoto watazame pale, na kwenye tableti akaona nani ameangalia kwingine. Hicho ndicho chombo cha kufundishia. Hakikuwa na prosesa ya maajabu, ungeinama usingesogea, picha zake nyingi hazikucheza hata kidogo. Lakini darasa lilibaki darasa. Programu hiyo ilifungwa Juni 2021, na Cardboard yenyewe ikaacha kuuzwa mwaka huohuo. Sisemi simu za kuweka kwenye yale maboksi ningezipata kirahisi. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Lakini walimu tuko wengi, kila mmoja na simu yake, na kwa simu kumi za kuazimana ningewamaliza wale 54 ndani ya kipindi, na yule binti wa nyuma angeona.

Mwenzangu wa fizikia huniambia nimeikatia tamaa teknolojia nzima. Hapana. Najua mahali inapofanya kazi. Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, na wenzake walitengeneza ulimwengu wa theluji ambao mgonjwa aliyeungua moto huutazama wakati vidonda vyake vinasafishwa, na wagonjwa walisema maumivu yamepungua. Nikisoma habari ile naelewa mara moja kwa nini inafaa: mgonjwa mmoja, kitanda kimoja, dakika chache, muuguzi yuko pembeni, na kumtoa mtu pale alipo ndiyo dawa yenyewe. Mimi sihitaji kumtoa mtoto pale alipo. Nahitaji awepo, na jirani yake awepo, wabishane kuhusu wanachokiona.

Walimu wawili wameniuliza kama wanunue, na mmoja wao yuko kwenye shule ambayo mfadhili ameahidi miwani mitano. Jibu langu ni moja: ombeni projekta. Projekta, spika, na flashi yenye video zilizopakuliwa, hata zile za Lengai zilizopigwa kwa simu na wapanda mlima. Watoto wote wanaona, mwalimu anasimamisha anapotaka, umeme ukikatika unaendelea kwa maneno, na kesho yake hakuna anayedai msimbo. Mfadhili akisisitiza miwani, mwambieni ukweli wa dakika nne kwa kila mtoto na mumwombe apige hesabu ya darasa lenu yeye mwenyewe.

Kwa upande wangu, laki nane zile zingekodi Coaster ya kutupeleka Mapango ya Amboni na kuturudisha, na chenji ingebaki. Kilomita nane tu kutoka mjini kuna mapango ya chokaa, yenye stalaktaiti na stalagmaiti zote zilizomo kwenye mtihani, na kuna wanafunzi wangu wazaliwa wa Tanga ambao hawajawahi kuingia. Nimeshapeleka barua kwa mkuu wa shule. Tunaomba Jumamosi ya pili ya muhula ujao, na nimemwandika yule binti wa kwanza kwenye orodha.

Miwani nimeamua kuiuza. Kuna kijana wa mtaani anaitaka kwa michezo, na naamini itamfaa kuliko ilivyonifaa mimi, maana yeye anacheza peke yake chumbani. Nimeifuta vumbi, nimeichaji, nimeiweka kwenye boksi lake. Kilichobaki ni kuiondoa kwenye akaunti ili aanze yake. Nimebonyeza mara tatu, na kila mara inaniambia msimbo umetumwa. Kaka yuko zamu ya usiku wiki hii yote. Tumekubaliana Jumapili akipumzika.