Mama Mkwe, Naomba Ukanyage

Kuna maneno mawili ambayo mkwe mwenye adabu hamwamrishi mama mkwe wake. La kwanza ni "kanyaga". La pili ni "achia". Jumamosi ile niliyasema yote mawili, kwa zamu, saa mbili nzima, nikiwa chali chini ya gari huku miguu tu ikionekana nje kama mtu aliyegongwa.

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1998. Lilianza kulia tairi za mbele kila nikishika breki, mlio mwembamba wa chuma, mpaka bodaboda wa Kimara wakawa wananipisha kabla sijapiga honi. Mlio ule haukuwa ugonjwa, ulikuwa taarifa. Breki pedi nyingi zina kibati kidogo ambacho pedi ikilika sana huanza kukwaruza diski, ili dereva mwenye masikio aende kwa fundi. Masikio ninayo. Nikaingia kwenye simu kutazama video.

Pedi nilibadilisha vizuri tu, naapa. Kilichoniponza ni urembo. Kaliper zangu, vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, zilikuwa na kutu, na za kwenye video zilikuwa nyekundu, zinawaka. Nikafungua zote mbili, nikachomoa na mipira ya mafuta, nikazipeleka chini ya mwembe na kuzipulizia rangi ya kopo. Zilipokauka zilikuwa kama mapacha. Nikazirudisha nikijisifu.

Sasa, ukishachomoa mipira, mafuta ya breki yanamwagika na upepo unaingia. Mafuta hayaminyiki, upepo unaminyika. Ukikanyaga unabonyeza upepo badala ya kusimamisha gari. Lazima utolewe, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mke wangu alikuwa kazini. Mama yake alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Korogwe, amekaa kibarazani anachambua mchicha.

"Mama, samahani, naomba unisaidie kidogo."

"Bila shaka, Baba Nuru."

Akafunga kanga vizuri, akavua ndala, akaingia kwenye usukani kwa bismillahi.

Utaratibu ni huu: wa juu anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua nipeli, yaani skrubu ndogo ya kutolea upepo iliyo kwenye kila tairi, upepo unatoka na mafuta, wa chini anafunga, ndipo wa juu anaachia. Mguu ukitoka kabla nipeli haijafungwa, upepo unafyonzwa kurudi ndani. Nilimweleza yote isipokuwa hilo la mwisho. Nitaanzaje kumwambia mkwe "usiachie"?

"Mama, naomba ukanyage."

"Nimekanyaga, baba."

Nikafungua. Pedali ikazama. Mama akashtuka, akatoa mguu, akachungulia dirishani.

"Baba Nuru, imezama! Nimeharibu?"

"Hapana Mama, ndivyo inavyotakiwa."

"Alhamdulillahi. Pole na kazi."

"Asante Mama. Nishapoa."

Muda wote huo wa kupeana pole, nipeli iko wazi inakunywa upepo kwa raha zake. Tulianza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, tukazunguka yote manne, na kila tairi lilipata salamu zake kamili. Chupa mbili za mafuta ya breki, DOT 3, zikaishia kwenye ndoo na kwenye viganja vyangu. Mafuta yale hula rangi. Niliona mikono yangu inageuka myekundu nikadhani ni damu, nikaona fahari, nimekuwa fundi.

Mwisho nikajaribu pedali, injini ikiwa imezimwa. Ngumu! Kumbe Mama alikuwa ameipampu mara kumi mfululizo ili kunifurahisha.

"Twende tukajaribu," nikasema.

"Twende wote," akasema Mama, "nami nimeshiriki."

Akakaa mbele, kwa heshima yake. Nikawasha. Injini ikiwaka busta inaongezea mguu nguvu, nikahisi pedali imeshuka kidogo, nikasema ndio kulainika. Kutoka getini kwetu ni mteremko, na mwisho wa mteremko kuna jirani anajenga tangu mwaka juzi. Nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka kwenye zulia. Nikakanyaga tena. Zulia.

Sikuingiwa na hofu mara moja, maana handibreki inavuta tairi za nyuma kwa waya, haitegemei mafuta. Nikarusha mkono wa kushoto kuidaka. Nikadaka kitu laini chenye bangili. Mama alikuwa ameishaikumbatia handibreki kama nguzo ya daladala.

"Mama, achia!"

"Siachii!"

Mara moja tu siku nzima nilihitaji aachie upesi. Nikavuta handibreki pamoja na mkono wa mkwe wangu, gari likapiga mweleka kidogo, likapanda lundo la mchanga wa jirani na kutulia pua juu, taratibu, kama linasubiri feri.

Kimya. Mama akarekebisha ushungi.

"Hapa ndipo ulipopanga tusimame?"

Fundi alikuja kwa miguu. Hakuchukua hata spana. Aliinama tairi la mbele, akaenda upande wa pili, akainama tena, akakohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko mbele ya mtu mzima.

"Bosi, kaliper umezifunga mwenyewe?"

Mapacha wangu walikuwa wamebadilishana vyumba. Ya kulia iko kushoto, ya kushoto kulia, na nipeli zote mbili zinatazama chini. Upepo hukaa juu. Hata Mama angekanyaga mpaka Idi, usingetoka wote.

Akazibadilisha, kisha akamgeukia Mama: "Bibi, kanyaga. Usiachie mpaka niseme."

Mama akakanyaga, hakuachia. Dakika ishirini, breki ngumu kama jiwe.

"Kumbe mtu anaambiwa tu," akasema, akinitazama mimi.

Jioni mke wangu alirudi, akamwamkia mama yake, akamshika mkono. Hakuuachia. Kwenye kifundo, juu ya bangili, kulikuwa na alama nyekundu za vidole vinne na gumba, zimekauka vizuri.

"Mama, ni nani huyu?"

Mama akaendelea kuchambua mchicha.

"Muulize mumeo. Alikuwa anatafuta breki."